Mtutu wa inchi ngapi? Kwa anayenunua bastola zake mbili za kwanza

Ndugu zetu wanaokuja kututazama tukipiga shabaha za kikauboi hapa Arizona huniuliza swali moja kabla ya jingine lolote: ninunue mtutu mrefu au mfupi? Nami huwauliza kwanza wana kimo gani, na mkanda wanaufunga wapi. Wengi hushangaa, maana walitarajia tuzungumzie shabaha.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: kila mshindani ana bastola mbili za mtindo wa karne ya 19, zile ambazo lazima uvute nyundo kwa kidole gumba kabla ya kila risasi, pamoja na bunduki ya wenzo, yaani inayokokiwa kwa kuvuta wenzo ulio chini yake, na bunduki ya marisawa. Unapiga vibao vya chuma kwa utaratibu uliopangwa huku saa ikihesabu, na kila kibao unachokikosa kinakuongezea sekunde 5. Sheria zinatungwa na chama kiitwacho Single Action Shooting Society, SASS kwa kifupi.

Bastola zenyewe mara nyingi ni Colt ya mwaka 1873 au mifano yake, na mitutu yake imezoeleka katika vipimo vitatu: inchi 4¾, inchi 5½ na inchi 7½, yaani takriban sentimeta 12, 14 na 19. Mrefu ndio uliochukuliwa na askari wapanda farasi wa Marekani. Miaka ya 1890 jeshi lenyewe likaikata mingi ya mitutu hiyo hadi inchi 5½. Jambo hilo lingenifunza mapema kama ningelijua, kwa sababu mimi nilianza na inchi 7½.

Nilizinunua kwa macho. Zilikuwa ndefu, nyeusi, zinapendeza zikikaa kwenye ala. Lakini kimo changu ni futi 5 na inchi 5, na ili mtutu ule utoke wote kwenye ngozi ilinibidi kiwiko kipande hadi usawa wa sikio na bega lipande nacho. Siku moja ya mazoezi mdomo wa mtutu ulinasa kwenye ukingo wa ala mara mbili. Mara ya pili mwamuzi alinisimamisha, akaniambia kwa upole nisahau saa kabisa mpaka niwe na uhakika mdomo wa bastola yangu unaelekea wapi kila wakati. Nilimshukuru, na bado namshukuru.

Tuanze na hofu ya wageni wengi, kwamba mtutu mfupi haulengi. Ni kweli kwamba kadiri nundu ya mbele ya kulengea inavyokuwa mbali na mfuo wa nyuma, ndivyo kosa la jicho linavyopungua. Sasa tupige hesabu. Kwenye bastola ya inchi 4¾ umbali huo ni kama sentimeta 15. Kwenye ya inchi 7½ ni kama sentimeta 22. Ukikosea kulenga kwa nusu milimita, kibao kikiwa mita 7 mbele yako, mtutu mfupi utapeleka risasi milimita 23 pembeni, na mrefu milimita 16. Tofauti yake ni milimita 7, na kibao cha kawaida kina upana wa sentimeta 40 hivi. Hakuna kibao utakachokikosa kwa milimita 7. Utakikosa kwa sababu ulifyatua kabla hujaiona nundu ya mbele.

Nguvu ya risasi nayo isikusumbue. Mtutu mfupi hupunguza mwendo kidogo, lakini hapa hakuna anayetafuta mwendo: sheria inakataza risasi ya bastola kupita futi 1,000 kwa sekunde, na wapigaji wengi wa haraka hutumia risasi nyepesi za .38 Special zilizo chini kabisa ya kiwango hicho.

Tofauti kubwa iko kwenye kuchomoa na kurudisha. Katika kila raundi unachomoa bastola mbili na unazirudisha zote mbili, na kila mara sentimeta 7 za ziada lazima zipande na zishuke. Kurudisha ndiko kugumu zaidi, kwa sababu macho tayari yameshahamia kwenye bunduki inayofuata huku mkono ukitafuta mdomo wa ala. Mtutu mfupi unaingia mapema. Ukiidondosha bastola, hata ikiwa tupu, raundi hiyo umeipoteza. Ikiwa na risasi, umeondolewa kwenye mashindano yote.

Halafu kuna kanuni ya nyuzi 170, yaani nyuzi 85 kila upande ukiwa umeelekea kwenye vibao. Mdomo wa silaha hauruhusiwi kuelekea nyuma ya mstari huo, na anayeuvuka anapoteza raundi. Ukivaa ala moja mbele ya tumbo, mpini ukiuelekea mkono wa upande wa pili, lazima uuzungushe mwili wako kabla ya kuchomoa ili mtutu usiwapitie watu waliosimama pembeni. Mtutu wa inchi 7½ kwenye ala ya namna hiyo unadai mzunguko mkubwa na mkono mrefu. Mgeni simshauri hata kidogo.

Sisemi mtutu mrefu ni mbaya. Rafiki yangu mmoja ana kimo cha futi 6 na zaidi, anapiga kwa mkono mmoja, na uzito ule wa mbele unamtuliza mkono. Ukimpa fupi anasema inarukaruka. Mikono yake inamruhusu. Lakini kwa mtu wa kimo cha kawaida naanzia inchi 5½, na kwa mfupi kama mimi, au kijana, au dada mwenye kiuno kilicho juu, naenda moja kwa moja kwenye 4¾. Ruger New Vaquero, bastola ya kisasa ya mtindo huohuo, yenye mtutu wa inchi 4.62 inaingia kundi hilohilo, na ile ya risasi za .357 Magnum inapiga pia .38 Special. Zile fupi zaidi za inchi 3 na nusu ziache kwanza: kijiti cha kusukumia maganda ni kifupi mno, na utabaki kwenye meza ya kutolea risasi ukichokoa maganda kwa kucha.

Kabla ya kulipa, azima. Watu wa mchezo huu ni wakarimu kuliko unavyodhani. Chukua bastola tupu, ikague silinda tundu kwa tundu, mpe na mwenzako aikague, ukiwa mahali palipotengwa kwa kazi hiyo. Funga mkanda, kisha chomoa na urudishe polepole mara 20. Mwenzako asimame pembeni atazame vitu viwili tu, kiwiko chako na mdomo wa mtutu. Bega likipanda, mtutu umekuzidi. Ala nayo iagizwe baada ya kuchagua mtutu, si kabla. Mimi niliingia gharama mara mbili.

Na hata ukinunua mpya yenye kinga ya kisasa ndani ya kuizuia isifyatuke yenyewe, utajaza risasi 5 tu katika matundu 6, nyundo ikilala juu ya tundu tupu. Hiyo ni sheria kwa wote.

Zile ndefu bado ninazo, na fupi ndizo ninazovaa. Ukija mazoezini nitakuletea zote mbili uzipime kiunoni mwako. Njoo na miwani ya kukinga macho na vizibo vya masikio. Bila hivyo huruhusiwi kukaribia mstari.