Wadogo zangu, kuzima breka hakutoshi

Juzi nimemkuta kijana wa shifti ya asubuhi, leseni yake ya ufundi umeme kutoka EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) haijamaliza hata mwezi, kaingiza mkono kwenye paneli ya mota ya konveya. Kufuli iko wapi? "Nimezima breka, fundi." Nilimtoa kwanza, ndipo nikaongea.

1. Zima, piga kufuli yako kwenye breka, ufunguo mfukoni mwako, kisha pima. Jaribu testa kwenye laini yenye moto (umeme), pima unapofanyia kazi, halafu irudishe kwenye moto uleule. Na saketi ya kontroli, ile ya kuwasha na kuzima mota, mara nyingi inalishwa na paneli nyingine: breka kuu iko chini, volti 230 bado zinakungoja kwenye koili ya swichi ya mota.

2. Kapasita, kifaa kinachoweza kubaki na chaji hata umeme ukizimwa. Mwaka wangu wa pili kiwandani, kapasita benki ya pawafakta (kundi la kapasita za kupunguza umeme unaovutwa bure) ilikuwa inakata fyuzi kila wiki. Nilizima, nikapiga kufuli, nikapima upande wa kuingilia: sifuri fezi zote tatu. Nikamwambia msaidizi wangu, "Fungua terminali, iko salama." Kapasita isiyo na hitilafu humwaga chaji yake yenyewe kupitia rezista zake. Za ile zilikuwa zimeungua, nami sikuzitazama. Kwenye mfumo wa volti 400, chaji inayobaki inaweza kufika karibu 565. Spana ilipogusa, ulitoka mlio kama fataki, na kijana akarushwa hadi kwenye mlango wa paneli. Aliinuka, kiganja cha kulia kimebabuka katikati, akaanza kuniomba radhi, akidhani kakosea yeye. Kwenye ripoti niliandika "hitilafu ya kifaa". Siku ya tatu nikarudi kwa supavaiza, nikaiandika upya kwa jina langu. Bado naiona ile spana, ncha imeyeyuka.

Basi subirini dakika tano, pimeni kwenye terminali za kapasita zenyewe, multimita ikiwa kwenye DC, maana kwenye AC chaji hiyo haionekani. Mwageni chaji kwa rezista, si kwa bisibisi.

3. Mota mpya: hakikisha inazunguka upande gani kabla ya kufunga kapling, kiungo cha mota na mashine.

4. Ovalodi (kinga ya mota isizidiwe mzigo) ikikata mara mbili, usiirudishe tena, tafuta sababu. Bosi wa uzalishaji atakusimamia akihesabu magunia anayopoteza. Mwache ahesabu.

Yule kijana nimempa kufuli yangu ya akiba, nyekundu. Kesho nitaitafuta kwenye breka kabla ya kumsalimia.