Bendi ya harusi Dodoma

Dada, uliuliza pa kupata bendi ya kupiga laivu harusini, hapa Dodoma. Usiishie kwenye video za simu; nenda ukumbi au hoteli inakopiga wikendi, uisikie bila kuhaririwa. Kabla ya kutoa advansi uliza: vyombo ni vyao au vya kukodi? Mafuta ya jenereta juu ya nani? Sisi hatukuuliza, umeme ukakatika, kamati ikaanza kuchangishana saa tatu usiku! Andikianeni, hata karatasi moja. Kikao cha bajeti cha Bunge, Aprili hadi Juni, mji hujaa, wahi. Mimi ningeongeza wapiga zeze na muheme, ngoma ya Wagogo, kutoka Chamwino kumpokea bibi harusi. Wazee watasimama wenyewe.