Barua kwa mwanangu: Honda ya babu, rangi iwe mwisho

Mwanangu Salama,

Wa alaykumu s-salaam. Ujumbe wako nimeupata, nikamsomea na mamako. Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, ukija likizo ya Desemba, ile Honda ya babu yako tuipeleke ikapigwe rangi au tuanze na injini? Pili, kuna maana yoyote kuifufua, au ni kutupa pesa ambazo zingechangia pikipiki mpya ya dukani?

Hilo la pili nalimaliza upesi. Kwa hesabu ya pesa, maana haina. Ukijumlisha tairi, tyubu, betri, spea na nauli za kuzifuata, utaikaribia bei ya pikipiki mpya, na mkononi utabaki na ya mwaka 1980 yenye taa hafifu. Mtu hufufua pikipiki kuukuu kwa sababu anaitaka. Wewe unaitaka, mimi naitaka, mamako anataka nafasi yake bandani. Basi.

Mazungumzo yapo kwenye lile la kwanza. Rangi iwe mwisho kabisa, na ukinisikiliza, huenda usipake kabisa.

Babu yako aliipanda pikipiki ile miaka na miaka, Malindi hadi Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, asubuhi kwenda na jioni kurudi. Chumvi ile haikukaa juu ya chuma ikangoja kufutwa. Imezama ndani ya vishimo vya kutu, na chumvi kazi yake ni kuvuta unyevu hewani. Ukipiga msasa juu juu kisha ukapaka rangi, umeifungia mlango chumvi iendelee kula kwa siri. Kusi ikianza na unyevu wake, rangi inatoa malengelenge; ukiyabonyeza kwa kidole unakuta chini yake ungaunga wa kahawia. Mimi maisha yangu yote ni injini za boti, malengelenge hayo nayajua. Kuna mtu hapa Barani alipeleka yake kwa fundi wa rangi, ikarudi inang'aa, watu wakapiga nayo picha. Masika moja tu, fremu ikatoboka chini ya kiti.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni maji, tena maji matamu. Ya kisima chetu yana munyu, hata sabuni haitoi povu, hayafai. Nimeshaanza kukinga ya mvua kwenye pipa. Utasugua chuma kwa brashi ya waya, ukioshe, kikauke, halafu ukiache hadi kesho yake. Ukikuta vidoa vya rangi ya chungwa vimechipuka mahali palepale, jua chumvi bado ipo, rudia. Mahali pengine utarudia hadi uchoke. Pale chini ya betri ndipo pabaya zaidi, maana tindikali ilimwagikia hapo, chumvi ikaja juu yake.

Na kuna jambo jingine kuhusu rangi. Ukilitazama tangi upande wa kulia, goti la babu yako lilisugua hadi bati likaonekana, doa la ukubwa wa kiganja, laini kabisa kwa mguso. Fundi wa rangi akilipata tangi hilo atalifuta doa kwa dakika mbili na kukuomba pesa. Mimi ningelisafisha, nikalipaka nta, nikaliacha. Lakini pikipiki tunaifufua kwa ajili yako, neno la mwisho ni lako.

Lisilo na mjadala ni namba. Namba ya fremu imegongwa kwenye shingo ya usukani, na namba ya injini iko kwenye kasha la injini. Hapo usipige msasa, usipitishe grainda, usizike kwa rangi nene. Futa kwa kitambaa chenye dizeli, piga picha, linganisha na logibuku, ile hati ya umiliki. Logibuku bado ina jina la babu yako, Mungu amrehemu, na NTSA, mamlaka ya usafiri barabarani, hawatabadilisha jina la marehemu kwa kuambiwa tu kwamba wewe ni mjukuu. Lazima kwanza kuwe na hati ya usimamizi wa mirathi. Hilo nitalipeleka mimi kwa Kadhi hapa Malindi pamoja na shangazi zako. Wewe usilibebe.

Sasa injini. Umeniandikia kwamba utaipiga kiki uone kama inazunguka. Tafadhali usiiguse kiki. Pistoni imekaa mahali pamoja miaka mingi. Pistoni ni ya alumini, silinda ni ya chuma, na ringi zimeshikana na ukuta. Ukiilazimisha kwa mguu utavunja ringi au utakwaruza silinda, na hapo kazi ndogo inageuka kuwa kubwa. Tunafungua plagi, tunamimina dizeli iliyochanganywa na oili kidogo, tunaziba tundu kwa kitambaa, tunaacha. Siku za mwanzo haitakuonyesha dalili yoyote. Baadaye tunafungua kifuniko cha magneto upande wa kushoto, tunashika nati kwa spana, tunaisukuma kidogo mbele, kidogo nyuma, bila hasira. Ikisogea hata upana wa ukucha, imekubali.

Una bahati babu yako alinunua CG125. Honda waliitoa mwaka 1976, na waliitengeneza wakiwa na watu kama sisi akilini: watu wanaopakia magunia mawili na abiria, na oili wanabadilisha wakikumbuka. Pikipiki nyingi za Honda za wakati ule zilikuwa na kamshafti, shafti inayofungua valvu, juu kabisa kwenye kichwa cha injini, inazungushwa na cheni, na huko juu oili chafu hufika kwa shida. Kwenye CG wakaishusha kamshafti chini, wakaizungusha kwa gia, na valvu zikasukumwa kwa vijiti virefu. Wengine waliona ni kurudi nyuma. Lakini Wachina waliiga injini hiyo kwa wingi, na ukisimama stendi yoyote ya boda hapa mjini, pikipiki kadhaa zilizopangwa pale ni wajukuu wake. Ndiyo maana pistoni, ringi, gasketi na sahani za klachi za injini hii utazipata kwa wauza spea wa boda. Ila usinunue kwa kutajiwa jina. Beba ile ya zamani mkononi, ilinganishe na mpya pale kaunta, pima. Silinda yetu ni ya kipenyo cha milimita 56.5 ilipotoka kiwandani. Kama imelika, itachongwa na pistoni itakuwa ya saizi ya juu.

Tukishafungua upande wa klachi, nikumbushe kile kikombe kilicho mwishoni mwa krankishafti, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Oili hupita humo ikizungushwa kwa kasi, na uchafu hubaki ukutani. Kwenye pikipiki hizi hakuna chujio la karatasi la kubadilisha, ni kikombe hicho na wavu mdogo. Mafundi wengi wa haraka hawakifungui, na injini inaendelea kunywa tope la miaka kumi.

Skrubu zitakutoa jasho. Zile za vifuniko vya injini zinafanana na za nyota za kawaida, lakini si zenyewe. Ni za kiwango cha Japani, JIS, na bisibisi ya nyota ya kawaida haifiki chini ya mtaro wake. Ukikaza mkono inapanda juu na kuusaga ule msalaba ukawa tundu la duara. Nunua bisibisi ya JIS, na ile nyingine ya kugongwa kwa nyundo, ambayo kila pigo linaisukuma ndani na kuizungusha kwa pamoja. Tena skrubu ni za chuma na kasha ni la alumini, na chumvi ikikaa kati ya metali mbili hizo huzigandisha. Dawa yake ni moto wa kiasi upande wa alumini. Alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu linaachia kabla skrubu haijabana. Tukifanya hivyo tangi na kabureta ziwe mbali, nje ya banda.

Tangi. Hapa nataka uwe makini sana. Usikubali mtu yeyote aje na mtungi wa welding kuziba tundu la tangi ambalo limewahi kubeba petroli, hata kama limekaa kavu miaka mingi. Mvuke hujificha kwenye mikunjo ya bati na kutu hushika mafuta. Likihitaji kuzibwa, tutalisuuza kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa, kisha fundi alijaze maji hadi karibu na tundu ndipo aguse moto.

Kutu ya ndani tunaitoa kwa siki nyeupe. Kwanza ng'oa koki ya petroli na kifuniko, maana siki hula metali laini za koki, halafu ziba tundu la koki kwa kizibo cha mpira. Watu hutia kokoto ndani wakatikisa, kisha wanashinda siku nzima wakizitafuta kokoto zilizobaki. Wewe tia mnyororo mwembamba, urefu wa mkono, mwisho wake ufunge kwa waya nje ya mdomo wa tangi. Utatikisa, utageuza, utalaza ubavu huu na ule, na ukimaliza unauvuta wote kwa mara moja. Siki ikae siku moja au mbili, itatoka nyeusi kama maji ya kuoshea sufuria. Osha, tia maji yenye magadi kuua asidi iliyobaki, osha tena kwa maji matamu. Baada ya hapo usiende kunywa chai. Bati tupu kwa hewa yetu huanza kubadilika rangi kabla hujamaliza kukunja mikono ya shati. Likaushe juani na upepo, mara moja mimina petroli yenye oili kidogo, zungusha ishike kila ukuta, imwage.

Kuna njia ya umeme pia, ya magadi, maji na chaja ya betri, nayo hufanya kazi nzuri kwa vipande vidogo. Ukiitumia, kipande cha kuunganisha upande wa chanya kiwe chuma cha kawaida, kamwe kisiwe chuma kisichoshika kutu, kwa sababu hicho hutoa sumu ya kromu ndani ya maji. Na ifanyike uwanjani, ile gesi inayopanda ni haidrojeni. Kuhusu zile dawa za kupaka ndani ya tangi, mimi sizitaki. Zikibanduka miaka miwili baadaye zinakwenda kuziba jeti za kabureta ukiwa Mambrui jua la saa saba.

Umeme ni volti 6, kwa hiyo balbu na betri za boda za leo, ambazo ni volti 12, usizilete. Kabla ya kulaumu koili, tazama ethi, yaani njia ya umeme kurudi kupitia fremu. Kila mahali waya unapofungwa kwenye fremu pakwanguliwe hadi chuma kiwe safi, kisha papakwe grisi kidogo baada ya kufunga. Hii ni sababu nyingine ya kuchelewesha rangi: fremu iliyopakwa kila pembe hukata ethi, na mtu anashinda wiki anatafuta moto ambao haujapotea. Platinamu, zile ncha zinazokata umeme ili plagi itoe cheche, iwe na mwanya wa kati ya milimita 0.3 na 0.4, valvu milimita 0.08 injini ikiwa ya baridi.

Breki ni za ngoma mbele na nyuma, kazi rahisi. Ila vumbi lililomo usilipulize kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo. Breki shuu za enzi hizo huenda zina asbesto. Futa kwa kitambaa kilicholowa, kitupe. Tairi zote mbili zinatupwa, hata kama zina meno. Rimu za kromu zisugue kwa karatasi ya alumini ya jikoni iliyotiwa maji, utashangaa.

Kabla hujasafiri pita Kirinyaga Road, huko Nairobi kuna vitu ambavyo hapa tungeagiza na kungoja: bisibisi ya JIS, ile ya kugonga, betri ya volti 6, platinamu, na kipimo cha mabamba membamba cha kupimia mianya. Ukipata gasketi seti nzima ya CG ya zamani, chukua, lakini nitumie picha kwanza. Pistoni acha hadi tuipime silinda. Mikebe ya kutilia skrubu mamako amekusanya ya kutosha, tutaandika juu kwa kalamu, na kila kabla ya kufungua kitu utapiga picha kwa simu yako, yangu kioo kimepasuka.

Dizeli nitaimimina Ijumaa hii baada ya swala, hiyo haihitaji kukungoja. Niambie tu kuhusu tangi umeamua nini, kwa sababu kama unataka lipakwe, nitamwambia fundi mapema asubiri hadi kaskazi ikae sawa na hewa ikauke.

Babako