Mwili Hauzoei Antibayotiki

SWALI: Shikamoo daktari. Mke wangu alijifungua kwa upasuaji wiki mbili zilizopita. Alichomwa sindano za antibayotiki ya seftriaksoni siku tano, lakini siku ya nane mshono ukaanza kutoa usaha. Maabara wameotesha usaha huo, karatasi imeandikwa Klebsiella pneumoniae, seftriaksoni R. Jirani anasema mwili wake umeshazoea dawa, maana tangu usichana kila akipata mafua lazima ameze vidonge. Kuna mtu anauza mitishamba ya kusafisha damu ili sindano zirudi kufanya kazi. Nimnunulie? (Baba Aisha, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Usinunue. Hela hiyo iwe nauli ya kumrudisha mama Aisha hospitalini leo, na karatasi hiyo mkononi. Mshono wenye usaha hufunguliwa na kusafishwa, kisha dawa huchaguliwa kati ya zile zilizoandikiwa S, yaani bakteria aliyeoteshwa anauawa nazo; R maana yake ameshakuwa sugu kwazo. Usaha ukifungiwa ndani, sindano ya bei yoyote itahangaika bure. Akiwa na homa, au tumbo la chini linauma, msingoje kupambazuke.

Sasa hilo la "umezoea dawa". Nimelisikia mara nyingi hadi mgonjwa akilianza mimi ninalimalizia. Mwili hauzoei antibayotiki kama ulimi unavyozoea pilipili. Seftriaksoni haina shughuli na mwili wa mkeo. Inashambulia ukuta wa bakteria, na Klebsiella huyu, yule bakteria wa kwenye karatasi, ana kimeng'enya kinachoikata kabla haijafanya kazi yake. Uwezo huo mara nyingi hubebwa kwenye plasmidi, kipande kidogo cha DNA ambacho bakteria humpa mwenzake, hata wa jamii nyingine. Mkeo angeweza kuwa hajameza kidonge tangu azaliwe, na bado angempata mdudu ambaye tayari ni sugu: kutoka mikononi mwa mtu, kwenye mpira wa mkojo, kwenye beseni lililozungushwa vitanda vitatu. Vile vidonge vya mafua vina ubaya wake, ila si huo wa jirani. Haviui virusi vya mafua; vinaua bakteria wanyonge wa utumboni na kuwaachia sugu nafasi. Hakuna chochote kwenye damu cha kusafishwa, na mama aliyetoka kujifungua hahitaji figo zake zifanyiwe majaribio ya mitishamba.

Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha utafiti mwaka 2011. Kati ya wagonjwa 250 wa upasuaji mkubwa, 65 walipata maambukizi ya kidonda. Klebsiella pneumoniae waliooteshwa walikuwa 10, na 8 kati yao walikuwa na vimeng'enya vya namna hii. Wote hao nao miili yao ilizoea?

Na wenzangu niwaseme pia. Shirika la Afya Duniani lilishaelekeza mwaka 2016: antibayotiki ya kukinga maambukizi itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kisu, na isiendelezwe upasuaji ukishakwisha. Zile siku tano hazikumkinga mama huyu. Tunaendelea kuchoma kwa sababu ndugu wakiona sindano wanaona kazi imefanyika. Muuguzi akinawa mikono kati ya kitanda na kitanda hakuna anayemshukuru.

Huko mitaani ndiko kumeharibika zaidi. Wapo wanaofungua kapsuli za antibayotiki za rangi mbili na kumwaga unga kwenye kidonda, kisha wanashangaa maabara tukiotesha tusipate kitu. Siku hizi kuna jipya: mtu anapiga picha karatasi yake, anamtumia muuza dawa kwa simu, anauziwa antibayotiki ya meropenemu chupa mbili "za kuanzia". Meropenemu hupita kwenye mshipa, kwa kawaida kila baada ya saa 8, na ni miongoni mwa dawa chache tulizobakiwa nazo kwa Klebsiella wa aina hii. Mwaka 2008 huko Sweden, mgonjwa aliyekuwa amelazwa New Delhi alikutwa na Klebsiella mwenye kimeng'enya kinachokata hata meropenemu. Wakakiita NDM-1. Kufikia 2011 kilikuwa kimeripotiwa Nairobi. Hapo ndipo tulipo, na bado kuna mtu nyuma ya kaunta anayepima meropenemu kwa ukubwa wa mfuko wa mteja. Chupa mbili hazimalizi hata siku moja ya matibabu.