Jibu: Hadithi ya hima inakataza ukoo kufunga msitu?
Waaleikum salaam ndugu. Kama nimekuelewa, wazee wenu huko Garissa wanataka kufunga kile kipande cha migunga mifugo isiingie, alafu mtu kasimama na hadithi ya "hakuna hima ila ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake" (hima ni eneo la malisho lililotengwa na kulindwa), kikao kikavunjika. Sisi tulikwama hapohapo.

Kilichokatazwa ni ile tabia ya kabla ya Uislamu, mkubwa anajitengea malisho peke yake wengine wanafukuzwa. Sayyidna Umar mwenyewe aliweka hima sehemu za Sharaf na Rabadha huko Uarabuni, na msimamizi wake Hunayy akaambiwa mwenye ngamia au mbuzi wachache aingie, ila mifugo ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan izuiwe, maana wao ikifa wana mitende na mashamba ya kurudia. Yaani tajiri ndo anazuiwa!

Kwa hiyo cheki kwanza orodha yenu, kiangazi nani anaingia? Yetu ilisahau wajane, tukaibadilisha, kuni kavu wakaruhusiwa kuokota, mti mbichi haukatwi. Na hiyo habari ya Umar imamu aieleze msikitini siku kadhaa kabla, msingoje kikaoni watu washapandwa na hasira.