Kesi ya jinai kufeli haizuii kudai fidia

Kwa aliyeuliza kama jamaa aliyempiga makusudi kaachiwa kwenye kesi ya jinai ndo basi tena, hapana mkuu, bado unaweza kumfungulia kesi ya madai. Ile ya jinai serikali inataka aadhibiwe na lazima ithibitishe bila kuacha shaka ya msingi, hii ya madai ni yako mwenyewe na inatosha kuonyesha kwamba kuna uwezekano mkubwa alifanya kuliko hakufanya. O.J. Simpson, yule mchezaji maarufu wa Marekani aliyeshtakiwa kumuua mke wake wa zamani na rafiki yake, si aliachiwa 1995, halafu 1997 kwenye kesi ya madai akaambiwa alipe dola milioni 33.5, kuzipata sasa ndo ikawa shughuli nyingine. Na makusudi haimaanishi alipanga akuvunje mkono, alitaka kukusukuma tu ukaanguka ukavunjika, kwa kawaida imekula kwake. Ila bima nyingi hazilipi madhara ya makusudi, so cheki kwanza kama ana mali ya kukulipa, la sivyo utashinda kwenye karatasi tu. Tunza ripoti ya daktari, risiti, picha, majina ya walioona, na usikae sana maana madai yana muda wa ukomo.