Deki ya kuhamishia kanda za harusi kwenye DVD

Kaka uliyeuliza deki gani ya kuhamishia kanda za harusi ya wazee kwenye DVD, kama ni chache tafuta deki ile ya pamoja, VHS (kanda za video za zamani) upande mmoja DVD upande mwingine, ila hakikisha upande wa DVD unarekodi maana nyingi za mtumba zinacheza tu. Mpya usihangaike, Funai wenyewe, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, waliacha 2016. Iwe ya PAL, yaani mfumo wa picha wa TV za kwetu, zinazotoka Marekani ni NTSC, mfumo tofauti, zitakusumbua. Rekodi kwa SP, yaani ubora wa kawaida, diski moja inabeba kama masaa 2, halafu usisahau kufinalaizi, yaani kuifunga diski kwenye menyu ya deki ukimaliza kurekodi, la sivyo deki nyingine haitaisoma. Na kanda ukiona unga mweupe kwenye utepe usiiingize kabisa, huo ni ukungu, unachafua hedi (kichwa cha deki kinachosoma utepe) na kuhamia kwenye kanda zingine.